Klasta ya seva za kache huhesabiwa kwa maombi yanayokosa

Mtu anapoanza kupanga klasta ya seva za kache, yaani kundi la mashine zinazohifadhi nakala za kurasa na kuwapa wasomaji, swali lake la kwanza mara nyingi huwa ni la programu: atumie Varnish, Squid, nginx au Apache Traffic Server. Mimi huanzia kwingine. Huuliza seva chanzo, yaani ile inayotengeneza kurasa zenyewe, inaweza kubeba maombi mangapi kwa sekunde kabla ya kulemewa, kwa kuwa jibu la swali hilo ndilo linaloamua karibu kila kitu kitakachofuata: idadi ya seva za kache, namna ya kugawanya maombi, muda wa kuhifadhi nakala, hata utaratibu wa kuwasha upya mashine. Maombi yanayokuta nakala kwenye kache hayamsumbui mtu. Kazi ya msimamizi imo katika yale yanayokosa.

Hesabu yenyewe ni nyepesi, lakini huwaponyoka wengi. Tuseme klasta inapokea maombi 10,000 kwa sekunde, na asilimia 95 kati yake hujibiwa kutoka kwenye kache. Seva chanzo inaona maombi 500. Uwiano huo ukishuka hadi asilimia 90, grafu kwenye skrini ya ufuatiliaji itaonyesha mteremko mdogo ambao mtu anaweza asiutilie maanani, ilhali seva chanzo sasa inapokea maombi 1,000, yaani mara mbili ya mzigo wa awali. Kushuka kutoka asilimia 98 hadi 96 huleta matokeo yaleyale. Kwa sababu hiyo mimi huchora grafu ya maombi yanayokosa peke yake, kwa idadi kamili, na ile ya asilimia nimeiachia ripoti za wakubwa.

Kugawanya maombi

Njia rahisi kuliko zote ya kutumia seva nne za kache nyuma ya kisawazisha mzigo, yaani programu inayopokea maombi na kuyagawia seva, ni kuyatawanya maombi kwa zamu: la kwanza kwa seva ya kwanza, la pili kwa ya pili, na kuendelea hivyo. Kila seva hujaza kache yake bila kujua nyingine zina nini. Matokeo yake ni kwamba kila ukurasa utaombwa kwa seva chanzo mara nne kabla klasta nzima haijawa nao, na kama kila mashine imetengewa gigabaiti 32 za kache, klasta ina nafasi ya gigabaiti 32 tu za vitu tofauti badala ya 128, kwa kuwa mashine zote nne zinahifadhi vitu vilevile.

Hata hivyo siibezi njia hii. Ikiwa vitu vyote vinavyoombwa mara kwa mara vinaenea kwenye kumbukumbu ya mashine moja, na seva chanzo inastahimili kuulizwa mara nne kwa kila ukurasa kila nakala zinapoisha muda, basi usumbufu wa kugawanya kwa njia nyingine hauna faida. Seva moja ikianguka, tatu zilizobaki tayari zina kila kitu, na seva chanzo haitahisi lolote. Nimewahi kuona mipangilio ya ajabu ikijengwa kwa ajili ya tovuti ambayo maudhui yake yote yangeenea kwenye simu ya mkononi.

Tatizo huanza pale maudhui yanapozidi kumbukumbu ya mashine moja. Katika miaka ya 1990, jibu la Squid lilikuwa kuziacha seva ziulizane. Kwa itifaki ya ICP (Internet Cache Protocol), iliyoelezwa katika RFC 2186 ya mwaka 1997, moja ya hati za kanuni za intaneti, seva iliyokosa kitu hutuma pakiti ndogo za UDP kwa majirani zake kupitia poti 3130 ikiuliza ni nani aliye nacho, kisha husubiri majibu kabla ya kwenda kwenye seva chanzo. Katika faili la usanidi, jirani huandikwa kwa agizo la `cache_peer` pamoja na cheo chake: `sibling` huombwa kile tu alicho nacho, wakati `parent` huombwa hata asichokuwa nacho, naye atakwenda kukitafuta. Mpangilio huu bado unafanya kazi, lakini kila ombi linalokosa hulazimika kusubiri zaidi, na wingi wa pakiti hukua upesi kadiri seva zinavyoongezeka. Baadaye Squid ilipata njia ya seva kupeana muhtasari wa vitu ilivyonavyo ili zisiulizane kila mara. Muhtasari huo nao hukosea pengine, na kudai kuwepo kwa kitu ambacho hakipo.

Njia ninayoipendelea haihitaji kuuliza kabisa. Anwani ya kitu kinachoombwa hupitishwa kwenye hashi, yaani hesabu inayogeuza maandishi kuwa namba, namba inayopatikana huelekeza ombi kwenye seva moja maalumu, na kila kitu kinakuwa na mwenyewe. Hapo sasa gigabaiti 128 zinakuwa 128 kweli. Ila namna ya kutoka kwenye namba hadi kwenye seva ndiyo yenye mtego. Ukigawanya namba kwa idadi ya seva na kuchukua baki, klasta itafanya kazi vizuri hadi siku utakapoongeza seva ya tano. Chukua namba kuanzia 0 hadi 19, zigawanye kwa 4, kisha zigawanye kwa 5, ulinganishe mabaki: ni 0, 1, 2 na 3 pekee zenye baki lilelile katika hesabu zote mbili. Nyingine 16 zimehamia seva isiyo na nakala yake. Asilimia 80 ya kache inakuwa imepotea kwa dakika moja, ingawa hakuna baiti hata moja iliyofutwa, na mzigo wote huo huishukia seva chanzo. Kuondoa seva kuna athari ya aina hiyohiyo, tena huwa hakuchagui saa.

Dawa yake ilichapishwa mwaka 1997 na David Karger na wenzake wa MIT. Badala ya kugawanya na kuchukua baki, seva huwekwa kwenye sehemu nyingi za duara la namba, na kila ufunguo, yaani utambulisho wa kitu kinachoombwa, huangukia seva iliyo karibu nao ukizunguka upande mmoja. Ukiongeza seva ya tano, itachukua takriban sehemu moja ya tano ya funguo kutoka kwa nyingine zote, na zilizobaki hazisogei. Wawili kati ya waandishi wa kazi hiyo, Tom Leighton na Danny Lewin, walianzisha kampuni ya Akamai mwaka 1998. Katika HAProxy, programu ya kusawazisha mzigo, jambo zima huishia kwenye mistari michache:

```
backend kache
    balance uri
    hash-type consistent
    server k1 10.0.0.11:6081 check inter 2s fall 3 rise 2
    server k2 10.0.0.12:6081 check inter 2s fall 3 rise 2
```

Mstari wa `hash-type consistent` ndio wa kuangaliwa kwa makini, kwa sababu usipouandika HAProxy hutumia mtindo wa `map-based`, ambao seva ikitoka huhamisha funguo nyingi kama ile hesabu ya mabaki. Jambo jingine la kujua ni kwamba `balance uri` husoma anwani hadi kwenye alama ya kuuliza tu. Ukitaka na vigezo vinavyofuata vihesabiwe, ongeza neno `whole`. Kwa tovuti nyingi ni heri kutoliongeza, ili matoleo yote ya ukurasa mmoja yakae pamoja na yafutwe pamoja.

Ugawaji kwa ufunguo una udhaifu wake ambao hauna budi kusemwa. Ukurasa mmoja ukipendwa na watu wote kwa wakati mmoja, maombi yake yote huelekea kwenye seva moja huku nyingine zikiwa zimekaa. HAProxy ina `hash-balance-factor` kwa ajili ya hali hiyo: ukiipa thamani ya 150, hakuna seva itakayobeba zaidi ya mara moja na nusu ya wastani wa maombi yaliyo hewani, na yanayozidi humwagikia seva inayofuata kwenye duara. Njia nyingine, ambayo mimi naiona ni imara zaidi kwa tovuti kubwa, ni ya tabaka mbili: mbele kunakuwa na kache ndogo zinazopokea maombi kwa zamu na kushika vile vitu vichache vinavyopendwa sana, na nyuma yake kache kubwa zilizogawanywa kwa ufunguo. Maombi ya wavuti kwa kawaida hujikusanya kwenye vitu vichache, kwa hiyo hata megabaiti mia kadhaa za mbele hupunguza sana mzigo wa nyuma.

Ufunguo

Ugawaji ukishakaa sawa, sehemu kubwa ya maombi yanayokosa bila sababu hutokana na ufunguo mbaya. Kache haijui kwamba kurasa mbili ni kitu kimoja. Inachojua ni kwamba anwani zake zinafanana herufi kwa herufi au hazifanani. Kiungo kilichosambazwa kwa barua pepe huja na `utm_source=barua`, kile cha tangazo huja na thamani nyingine, na mtandao wa kijamii hubandika kigezo chake chenye herufi zisizojirudia kwa kila anayebofya. Makala moja inaweza kuwa na nakala maelfu, kila moja ikiwa imeombwa mara moja tu katika uhai wake. Kuviondoa vigezo hivyo kabla ya kutafuta kwenye kache, na kupanga vilivyobaki kwa mfuatano mmoja kwa `std.querysort` ya Varnish, ni kazi ya mistari isiyozidi kumi.

Kuki ni jambo jingine. Kwa msimamo wake wa awali, Varnish haihifadhi jibu la ombi lolote lililokuja na heda (taarifa fupi inayotangulia ombi au jibu) ya `Cookie` au `Authorization`, na iko sahihi, kwa kuwa haiwezi kujua ukurasa huo ni wa mtu gani. Lakini karibu kila tovuti siku hizi humpa mgeni kuki ya kuhesabu matembezi, ambayo seva chanzo haiisomi hata kidogo. Hapo ndipo mtu husakinisha Varnish, akaielekeza kwenye tovuti yake, akakuta hakuna ombi linalopata nakala, akahitimisha kwamba programu ni mbovu. Kinachotakiwa ni kuorodhesha kuki zinazobadilisha ukurasa kweli, kwa kawaida ile ya kikao cha aliyeingia, na kuziondoa nyingine zote. Orodha iwe ya zinazoruhusiwa. Ukiorodhesha za kukatazwa, utakuwa ukimfukuza kila mwenye tangazo jipya.

Heda ya `Vary` hudharauliwa mno. Seva chanzo ikijibu `Vary: User-Agent`, imeiambia kache itunze nakala tofauti kwa kila aina ya kivinjari na kila toleo lake, jambo ambalo ni sawa na kutokuwa na kache. Mara nyingi anayeiandika alitaka tu kutofautisha simu na kompyuta. Basi kache na ifanye utambuzi huo yenyewe, iandike heda fupi yenye thamani mbili, na seva chanzo itumie hiyo katika `Vary`.

Pamoja na hayo, kufupisha ufunguo kupita kiasi kuna hatari kubwa kuliko kuurefusha. Ufunguo mrefu hukupotezea kasi. Ufunguo mfupi mno humpelekea mtu ukurasa wa mwenzake. Mwaka 2017 mtafiti Omer Gil alionyesha shambulio ambalo mhalifu humshawishi mtu aliyeingia kwenye akaunti yake afungue anwani kama `/akaunti/picha.css`. Seva chanzo inapuuza sehemu ya mwisho na kutoa ukurasa wa akaunti, kache inaona herufi `.css` na kuuhifadhi kama faili la kawaida, na mhalifu huja baadaye kuuchukua. Mwaka uliofuata James Kettle alionyesha upande wa pili wa sarafu: heda kama `X-Forwarded-Host` ambazo hazimo kwenye ufunguo lakini hubadilisha ukurasa, hivyo mtu mmoja anaweza kutia sumu nakala itakayopewa wote. Kanuni ninayoifuata ni kwamba kila heda isiyo kwenye ufunguo hufutwa au huandikwa upya kabla ombi halijapita kwenda kwa seva chanzo, na uamuzi wa kuhifadhi hutokana na heda za jibu, kamwe si na mwisho wa anwani.

Muda wa nakala

Kanuni za muda zimo katika RFC 9111 ya Juni 2022, na kwa anayesimamia kache ya pamoja jambo kuu ndani yake ni `s-maxage`, ambayo huipa kache ya pamoja muda wake tofauti na ule wa kivinjari. Hii ni muhimu kwa sababu nakala iliyo kwenye klasta unaweza kuifuta, iliyo kwenye kivinjari cha mtu huwezi. Kwa kurasa za habari huwa naomba waandishi wa programu waweke `max-age` fupi kabisa na `s-maxage` ndefu, kisha klasta ifutiwe nakala pale ukurasa unapobadilika. Wakisahau kuweka chochote, Varnish hutumia sekunde 120 za msimamo wake wa awali. Na kwa kuwa swali hili halikomi: `no-cache` hairuhusu kutumia nakala bila kwanza kuithibitisha kwa seva chanzo, lakini kuihifadhi inaruhusu. Inayokataza kuhifadhi ni `no-store`.

Kinachoumiza ni ile sekunde ambayo nakala ya ukurasa maarufu inaisha muda. Maombi mia tatu yanafika pamoja, yote yanakosa, na yote yakiachiwa yatakwenda kwa seva chanzo kuomba ukurasa uleule. Varnish huyapanga foleni yenyewe na kupeleka moja tu. Kwenye nginx lazima uwashe `proxy_cache_lock`, ambayo kwa kawaida imezimwa, na ujue kwamba baada ya sekunde 5 za kusubiri, ombi huachiliwa liende na jibu lake halihifadhiwi. Foleni hiyo ya Varnish ina sura mbaya mtu asiyoitarajia: ukurasa usiohifadhika, kwa mfano wenye `Set-Cookie`, ukipewa muda wa sifuri ndani ya VCL, lugha ya usanidi ya Varnish, bila kutiwa alama ya `beresp.uncacheable`, wageni watahudumiwa mmoja mmoja kama kwenye dirisha la karani. Kwa alama hiyo, Varnish hukumbuka kwamba ukurasa huo hauhifadhiki na kuacha kuwapanga foleni.

Bora zaidi ni kutomsubirisha mtu hata huyo wa kwanza. RFC 5861 ya mwaka 2010 ilileta `stale-while-revalidate` na `stale-if-error`: nakala iliyopitwa na wakati hutolewa papo hapo huku mpya ikitafutwa kwa nyuma, au hutolewa seva chanzo inapotoa hitilafu. Varnish huuita muda huo `grace`, na ule wa awali ni sekunde 10 tu, kiasi ambacho kwa maoni yangu hakimsaidii mtu. Mimi huweka saa kadhaa, halafu katika VCL huruhusu sekunde chache seva chanzo ikiwa nzima, na muda wote uliobaki ikiwa mgonjwa. Kwa klasta ya tabaka mbili mtu awe mwangalifu: muda wa kawaida hauongezeki mara mbili, kwa kuwa heda ya `Age` husafiri na nakala na tabaka la mbele huutoa umri huo kwenye muda wake, lakini muda wa `grace` hujilimbikiza, tabaka la mbele likitoa nakala iliyozeeka ambayo lenyewe lilipewa ikiwa imezeeka. Muda mrefu uwekwe kwenye tabaka moja tu.

Kufuta nakala kwenye klasta nzima

Kwenye seva moja, kufuta ni amri moja. Kwenye klasta, amri lazima ifike kila mahali nakala inapoweza kuwa, na watu huchelewa kugundua kwamba mahali hapo ni pengi kuliko ramani inavyoonyesha. Tuseme ufunguo fulani ni wa seva ya pili, na programu ya kufuta inatuma amri kwa seva ya pili peke yake. Juzi seva hiyo ilitoka kwa nusu saa, seva ya tatu ikapokea maombi yake na kuhifadhi nakala. Ya pili iliporudi, nakala ya seva ya tatu ilibaki imelala, haiombwi na mtu, haifutwi na amri. Siku seva ya pili itakapotoka tena, nakala hiyo itaamka na kuwapa wasomaji bei au habari ya zamani. Kwa hiyo amri ya kufuta hutumwa kwa seva zote, hata kama ugawaji ni wa ufunguo.

Seva iliyokatika mtandao bila kuzimika huleta tatizo hilohilo kwa njia nyingine: kumbukumbu yake haikufutika, na amri zilizopita wakati haipo haikuzisikia. Ama amri ziwekwe kwenye foleni inayokumbuka kila seva imefika wapi, na seva isipite ukaguzi wa afya mpaka imemaliza foleni yake, ama seva iliyokuwa nje irudi ikiwa tupu. Njia ya pili ni rahisi zaidi, lakini inaongeza maombi yanayokosa, na tumeshaona bei yake.

Mpangilio wa tabaka nao una taratibu yake. Nyuma hufutwa kwanza, mbele baadaye. Ukianza mbele, ombi linalofuata litakosa mbele, litapata nakala ya zamani nyuma, na tabaka la mbele litakuwa limejihifadhia upya kile ulichokifuta. Jambo kama hilo hutokea pia kati ya kache na hifadhidata, pale amri inapotumwa kabla mabadiliko hayajafika kwenye hifadhidata zote za kusoma. Amri ya pili sekunde chache baada ya ya kwanza huondoa mengi ya matatizo hayo, na haina gharama.

Kwa wanaotumia `ban` ya Varnish, ambayo hufuta kwa kanuni badala ya anwani moja, nina angalizo moja. Kanuni zinazotaja `req.url` haziwezi kushughulikiwa na mfagiaji wa nyuma, kwa sababu yeye hana ombi mkononi, basi hujilundika na kila ombi hulazimika kuzipitia. Nakili anwani kwenye heda ya jibu wakati wa kuhifadhi na uandike kanuni kwa `obj.http`.

Uendeshaji wa kila siku

Faili za usanidi zikae kwenye git, inayotunza kila toleo lake, na zisambazwe na chombo kama Ansible, seva moja baada ya nyingine kwa `serial: 1`. Hili halihitaji hoja ndefu. Varnish ina faida kubwa hapa: `vcl.load` huandaa toleo jipya la usanidi na kulikataa likiwa na kosa, `vcl.use` hulianza bila kupoteza nakala hata moja, na kurudi nyuma ni kulitaja toleo la zamani. Kwa Squid kuna `squid -k parse` kabla ya `squid -k reconfigure`, na kwa nginx kuna `nginx -t`.

Ukaguzi wa afya ndio ninaoubishania kila ninapopewa klasta iliyojengwa na wengine. Mara nyingi kisawazisha mzigo huwa kimeelekezwa kuomba ukurasa wa mbele wa tovuti kupitia kache, bila kutumia nakala iliyohifadhiwa. Seva chanzo ikianguka, ukaguzi unafeli kwenye seva zote kwa pamoja, kisawazisha kinaziondoa zote, na wasomaji wanapata ukurasa mweupe, wakati kache zimejaa nakala ambazo zingeweza kutolewa kwa saa nyingi. Ukaguzi uulize anwani ambayo seva ya kache huijibu yenyewe, na afya ya seva chanzo iwe ni jambo la kache kufuatilia kwa `probe` yake.

Kuhusu kumbukumbu, namba unayoiandika kwenye `malloc`, hifadhi ya Varnish iliyo kwenye RAM, si namba ya mwisho. Varnish huhitaji takriban kilobaiti 1 zaidi kwa kila kitu, kwa hiyo vitu milioni kumi vidogo ni gigabaiti 10 ambazo hazimo kwenye hesabu, na hifadhi yake ya `Transient`, inayobeba vitu vya muda mfupi na visivyohifadhika, haina kikomo mpaka uiwekee. Kwenye nginx, megabaiti 1 ya `keys_zone` hutosha funguo 8,000 hivi. Kaunta ya `n_lru_nuked` ya Varnish ikipanda mfululizo, vitu vinatupwa kabla ya muda wake na kumbukumbu haitoshi, hata kama uwiano bado unapendeza.

Kitu kidogo kinachookoa muda mwingi ni heda ya `X-Varnish`. Ikiwa na namba moja, ombi lilikosa. Ikiwa na mbili, ya kwanza ni ya ombi hili na ya pili ni ya ombi lililoleta nakala, na hiyo unaweza kuitafuta kwa `varnishlog` kama bado imo. Lakini kila seva huhesabu namba zake, kwa hiyo ongeza heda yenye jina la ndani la seva. Bila jina hilo, malalamiko kwamba ukurasa mmoja huonekana mpya na wa zamani kwa kupokezana hayatakuwa na pa kuanzia.

Mara kwa mara, mchana, watu wote wakiwa kazini, mimi huondoa seva moja kwa makusudi na kuangalia seva chanzo. Turudi kwenye maombi 10,000 kwa sekunde na seva nne zilizogawanywa kwa ufunguo: robo ya maombi, 2,500, huangukia seva zisizo na nakala zake, na yale 7,500 mengine huendelea kukosa kwa asilimia 5, yaani 375. Katika sekunde za mwanzo seva chanzo inaweza kuona hadi maombi 2,875 mahali ilipozoea 500, ingawa foleni ya maombi yanayofanana hupunguza namba hiyo upesi, vitu maarufu vikirudi kwanza. Kwa seva nane ndogo zenye kumbukumbu ileile kwa jumla, hesabu hiyo hushuka hadi chini kidogo ya 1,690. Ndiyo maana kati ya mashine nne kubwa na nane za wastani mimi huchagua nane, na kwenye kila moja huweka `.max_connections` ya seva chanzo, ili hata hesabu yangu ikitoka nje ya matarajio, jumla ya miunganisho ya seva zote isizidi ile ambayo chanzo kimeshathibitika kuibeba.